Neno Halijaisha

Watu wa Goma wana roho nzuri kupita kiasi. Ukiwa na kigugumizi kama mimi, kila mtu anataka kukumalizia neno. Muuza mikate ananimalizia, padri ananimalizia, hata mlevi aliyeshindwa kumaliza la kwake. Nami nilikuwa nameza hasira na kuitikia kwa kichwa, maana kubisha kungehitaji maneno mengine.

Bingwa wao alikuwa baba wa mchumba wangu, mfugaji wa Masisi. Siku ya kwanza nyumbani kwake nilikuwa na kiu. Nikaanza, "M... ma...", naye akageuka haraka kuagiza maziwa. Nikanywa. Mara ya pili, maziwa tena. Uchumba wote ule sikuwahi kupata maji katika nyumba ile. Alinipenda, najua hilo, ila alimwuliza binti yake kwa sauti ya chini: huyu atajibuje mbele ya padri? Siku ya mahari msemaji wa ukoo alikuwa amenisemea yote, kama desturi inavyotaka. Kanisani hakuna wa kukusemea.

Ninapoimba sina kigugumizi, ndiyo maana niliipenda korali yetu ya Majengo. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, karani, aliyewahi kuishi Uganda na kujifunza Kiingereza huko. Maharusi wa siku hizi hawaridhiki bila wimbo mmoja wa Kiingereza, basi akatuletea karatasi zenye maneno yaliyokatwakatwa kwa vistari: for-ev-er, yaani milele. Sisi tukapumua kila penye kistari, na ile milele ikatoka kama watu wanaopanda kilima cha Munigi na magunia ya makaa mgongoni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akatueleza kwamba kistari si mahali pa kupumzika. Hapo unashikilia sauti mpaka uifikie silabi inayofuata. Waingereza, akasema, wanakitumia pia kuunga maneno mawili yawe kitu kimoja, na wanakiweka mwisho wa mstari neno lisipoenea, ili msomaji ajue kipande kingine kiko chini. Sisi tulikuwa na tabia ya kubahatisha kipande hicho badala ya kushuka kukisoma. Akachora kistari hewani kwa kidole.

"Ngojeni. Neno haiyaisha. Musimalizie na kichwa yenu."

Maisha yangu yote nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia watu jambo hilo, na kumbe Waingereza walikuwa na alama yake. Watu walipotawanyika nilimweleza hofu yangu ya kiapo cha ndoa. Nilichukua muda mrefu, naye hakunisaidia hata neno moja. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa nyimbo zote. Tangu hapo tukawa tunabaki baada ya mazoezi, nikikirudia kiapo kile nusu kwa kuimba, nusu kwa kusema.

Siku yenyewe nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. "Mi..." Padri akafungua kinywa. Kwenye benchi la mbele baba wa mchumba wangu akainuka nusu, midomo tayari. Ndipo sauti ikatoka upande wa korali, ya upole, lakini kila mtu aliisikia.

"Papa, mumuache. Neno haiyaisha."

Mzee akakaa. Nikaishikilia ile "mi" kama tulivyozoea, nikavuka, na nilipovuka sikusimama mpaka kiapo kikaisha. Nilikivuta kama zaburi, na vijana wa nyuma walicheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa analia, mimi pia.

Kwenye karamu joto lilikuwa kali, nami nilikuwa nimekauka. Mkwe wangu alikuwa amekaa karibu nami, akaniuliza nataka nini. "M... ma..." Shangazi mmoja akakimbilia maziwa. Mkwe wangu akainua mkono, akamzuia. Akanitazama, midomo ameifunga, jasho likimtiririka utadhani ni yeye aliyebeba lile neno. Nilichelewa sana. Akangoja.

"Maji," nikasema.

Akainuka, akaenda kuyaleta mwenyewe.