Nyuzi Mbili kwa Wakati Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ukumbini Kanyenye kabla mlinzi hajafungua mlango. Kiongozi wa Bendi alinikuta nimekalia boksi la gitaa.

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba. Anayewahi hivi ama ana bidii, ama nyumbani kwake hakukaliki. Ingia."

Amplifaya ya magitaa ilikuwa moja, yenye matundu mawili ya kuchomeka waya. Tundu la kwanza lilikuwa la gitaa la solo, linaloongoza wachezaji. La pili lilikuwa la gitaa la kati, linaloshikilia mwendo wa wimbo; hapo ndipo nilipoanzia. Hapakuwa na barua za kupandishwa cheo. Waya wako ulipochomekwa, hapo ndipo ulipokuwa. Kiongozi alikuwa ameshika solo miaka mingi, vidole vikaanza kukakamaa, na alitafuta mtu wa kumwachia. Baada ya miezi michache alichomoa waya wake, akachomeka wangu, yeye akahamia gitaa la kati.

Ndipo alipotaka tuwe na pedali ya distoshen. Kwa asiyeijua, ni kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu, kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Hukuza sauti kupita kiasi, kisha hukata vilele vya mawimbi yake, na sauti hutoka ikiwa na mkwaruzo. Huwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: cha nguvu ya sauti, cha ukali wa mkwaruzo na cha wembamba wa sauti. Nilitumwa Mwanza kuichagua.

Nilijiandaa. Nilikuwa nimesoma kitabu cha zamani cha ufundi redio ukurasa kwa ukurasa, nikaandika maswali kwenye daftari. Dukani nilijaribu pedali nne. Kila moja niliipigia uzi mmoja, noti moja ndefu, nikahesabu sekunde mpaka iliponyamaza. Nikachukua iliyodumu kuliko zote. Niliamini nimepima kama mtaalamu.

Jumamosi iliyofuata tulipiga harusini Isikizya. Ilipofika mahali ambapo waimbaji hunyamaza na solo huachiwa uwanja, nikakanyaga pedali. Shangazi wa bibi harusi alikuwa akicheza mbele yetu. Alisimama.

"Mwanangu, hilo gitaa lina mafua?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kurudi vitini mmoja mmoja. Kiongozi aliinama, akauchomoa waya wangu na kuuhamishia tundu la pili.

"Umetuletea nyuki," alisema. "Asali umeiacha Mwanza."

Harusi aliimaliza yeye. Kila wimbo ulipokwisha nilimwona akivinyoosha vidole vyake kwa mkono mwingine, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nilikaa tundu la pili karibu mwaka mzima bila kujua kosa langu. Nilibadilisha betri, waya, hata nyuzi za gitaa. Jumapili nilikuwa nikiipigia kwaya ya kanisa Ntalikwa, na siku moja Mwalimu wa Kwaya, mama mkali asiyepandisha sauti, alinikuta nikijaribu pedali kabla ya mazoezi.

"Hebu piga wimbo wa kuingilia."

Nikapiga kama wapiga solo wote wa huku kwetu tunavyopiga: nyuzi mbili kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, zikitembea pamoja.

"Simama hapo. Waimbaji wangu wakiimba sauti ya kwanza na ya pili, nakuonyesha kila moja kwa kidole. Kwako nasikia uji. Halafu kuna sauti ya tatu. Ya nani hiyo?"

Nilirudi kwenye kitabu changu, na safari hii nilijua ninachotafuta. Kifaa kinachokata vilele, kikipewa noti mbili pamoja, huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Ukali ukizidi, hizo zilizozaliwa huzifunika zile ulizopiga. Pedali haikuwa na kasoro. Mpigaji wa uzi mmoja angeipenda. Mimi niliipima kwa uzi mmoja, ilhali mkate wangu ulikuwa kwenye nyuzi mbili.

Nikarudi kwenye duka lile lile.

"Braza, ile kali ndiyo wanayoigombania," muuzaji alinieleza.

"Nipe ile pole. Na ongeza sauti ya amplifaya, tafadhali."

"Majirani watalalamika."

"Wakilalamika nitajua inafika."

Niliweka ukali kwenye robo tu, nikapiga nyuzi mbili, kisha nikaimba chinichini kwanza noti ya juu, halafu ya chini, kuona kama naisikia kila moja. Zote zilikuwepo. Nikaacha pale ile ya nyuki, tukabadilishana.

Mazoezini Kiongozi alisikiliza mpaka mwisho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akalaza gitaa lake ndani ya boksi, akafunga kifuniko, kisha akauhamisha waya wangu.

"Tundu la pili tutafute mtu," alisema. "Mimi sasa nitakuwa nasikiliza."

Nilikaa tundu la kwanza hadi mwaka jana, sikio langu la kushoto lilipoanza kuvuma. Ni kwa kusimama miaka yote karibu na matoazi ya mpiga dramu. Siku hizi pedali huagizwa kwa simu, baada ya kutazama video ya mtu anayepiga peke yake chumbani. Siwacheki wanaokosea, mimi nilikosea nikiwa nimeishika mkononi. Ninachowaomba ni kimoja: mkiijaribu, pigeni wimbo wenu, jinsi mnavyoupiga, kwa sauti mtakayoitumia.

Aliyekuja kuchukua nafasi yangu ni binti aliyelelewa na kwaya ile ya Ntalikwa. Alileta kisanduku chenye sauti zisizohesabika.

"Mzee, nikupigie ipi?"

"Yoyote. Ila iwe nyuzi mbili."

Nikamgeuzia sikio la kulia. Nikaisikia ya juu, nikaisikia ya chini, nikaisubiri ya tatu. Haikuja. Nikainama, nikauchomoa waya wangu mwenyewe kwenye tundu la kwanza.