Mlango wa Choo cha Wanawake

Shangazi yangu amefunga sabuni kiwandani miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo kiwanda alikiita "kwetu". Hata akiwa likizo alikwenda kuwafundisha wageni kupanga katoni. Nyumbani hakuna aliyethubutu kuogea sabuni ya kampuni nyingine. Tulimtania kwamba kiwanda kajengewa na baba yake.

Kisha kampuni ikaamua kusaidia jamii. Ikajenga vyoo vya wasichana katika shule ya jirani, jambo jema, wala silipingi. Ila siku moja kabla ya uzinduzi milango ikaletwa minne badala ya mitano. Meneja akaamuru mlango wa choo cha wanawake pale kiwandani ung'olewe, upakwe rangi, upelekwe shuleni.

"Jumatatu mtapata mwingine," akawaambia wanawake wa kiwandani.

Siku ya uzinduzi shangazi akavaa fulana ya kampuni, akapiga vigelegele, akapigwa picha mbele ya mlango ule ule. Picha ikabandikwa mapokezi, chini yake pameandikwa: Tunajali.

Zimepita Jumatatu sita. Wanawake ishirini na wawili huenda chooni wawili wawili, mmoja akishika shuka mlangoni. Shangazi yangu, mtu mzima mwenye wajukuu!

Alikwenda kwa meneja.

"Mama, ule mlango tumewapa watoto," meneja akamwambia. "Unataka tuwanyang'anye?"

"Wa watoto wabaki nao, mwanangu. Naomba wetu."

"Hela iliyopo ni ya kusaidia jamii."

"Na sisi ni kina nani?"

Meneja akaanza kubonyeza simu yake. Shangazi akasimama pale mpaka akachoka, akatoka.

Juzi asubuhi alisikia mkanda wa mashine unalia. Anaujua mlio ule. Alijua mkanda hautamaliza hata saa mbili kabla ya kukatika.

"Ukamwita fundi?" nikamuuliza.

"Mimi kazi yangu kufunga sabuni."

Mkanda ulikatika saa tano, kiwanda kikasimama siku nzima. Mimi nilicheka, nikasema wamekoma. Shangazi hakucheka. Aliinamisha uso kama mwizi aliyekamatwa, na hapo ndipo nilipomchukia kabisa yule meneja.