Nilisaini begi la dharura bila kulifungua

Wakuu, salamu kwenu, wa Voi chini na wa milimani juu.

Mimi humu ni msomaji tu. Nacheka na nyinyi kwenye nyuzi za siasa na za mapenzi, kisha naenda zangu kulala. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni tangu mvua za mwaka jana. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Nauza vipuri vya pikipiki hapa Voi. Siku za zamu niko na kikundi cha kujitolea cha huduma ya kwanza. Hatuna ambulance. Tuna pikipiki mbili na begi moja jekundu la mgongoni, lile kubwa lenye mifuko mifuko ndani. Bandeji, pamba, glavu, banzi za kufunga mfupa, na tourniquet mbili.

Kwa asiyejua, tourniquet ni mkanda unaokazwa juu ya jeraha la mguu au mkono ili damu isimame. Kwa ajali za highway yetu hii, mara nyingi huo mkanda ndio unaamua nani atafika hospitali.

Mtunza begi nilikuwa mimi. Nilichaguliwa mkutanoni, watu wakapiga makofi, nikajiona daktari.

Sheria ilikuwa rahisi. Begi likishajazwa linafungwa na seal ya plastiki yenye namba, ile isiyofunguka mpaka uikate, na namba inaandikwa kwenye kitabu. Anayeingia zamu asubuhi anaangalia kama seal ni nzima na namba ni ile ile. Kama ni ile ile, anasaini. Kama imebadilika, anamwaga kila kitu mezani na kuhesabu upya.

Sasa sikieni ujinga wetu.

Zipu ya begi ilikufa. Vumbi la Voi mnalijua, zipu isiposuguliwa na mshumaa mara kwa mara meno yanakataa. Kusugua ilikuwa kazi yangu, na sikusugua. Fundi wa viatu pale sokoni aliniambia, "Leta tu, hiyo ni kazi ya dakika." Nikasema kesho. Kesho ikawa miezi.

Basi tukaanza kufunga begi na seal. Yaani seal ndiyo ikawa zipu. Mtu akitoa plasta, anavalisha seal mpya ili vitu visimwagike barabarani. Pakiti ya seal ilikaa mfuko wa nje, kila mtu anajichotea. Namba mpya hakuna aliyeiandika kitabuni, asubuhi tulisaini tu.

Mimi mtunza begi niliyaona hayo yote na nikanyamaza.

Kisha baba yangu mdogo akafariki, tukamzika kwetu Chawia. Mwenzangu wa zamu, Mwakio, akapanda mlima na pikipiki akiwa na begi mgongoni, kwa sababu matanga ya watu wengi hayakosi mtu wa kuzimia. Hiyo ni heshima aliyonifanyia na sitaisahau.

Mvua ilikuwa imenyesha. Shangazi Wakesho, dada yake marehemu, alikuwa anateremka kwenda jikoni na sufuria, akateleza, mguu ukapasuliwa na mabati chini ya goti. Damu ilikuwa inaruka, wakuu. Mwakio alifika kabla watu hawajamaliza kupiga mayowe. Mkanda wa kwanza haukutosha, akaongeza wa pili juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ule mguu.

Shangazi akapelekwa hospitali na gari la jirani, mikanda ikiwa mguuni. Wakamshona, akapona. Leo anapalilia mboga zake kama kawaida. Mikanda ilibaki huko huko.

Mwakio akalifunga begi na seal mpya, akashuka zake Voi.

Hapa mniangalie vizuri. Niliona kwa macho yangu mikanda ikienda. Lakini kichwa changu kilikuwa kwa marehemu, kwa viti vya kurudisha, kwa wageni waliotoka Mombasa. Mwakio alijua mimi ndiye mtunza begi na nilikuwepo, kwa hiyo nitajaza. Mimi nikajua aliyefungua ndiye atajaza. Na mikanda mipya ilikuwepo! Ilikuwa ndani ya kabati, hatua nne kutoka pale begi linapotundikwa. Msinisaidie kulaumu serikali, hii ni yetu.

Jumatatu nikarudi zamu. Seal ilikuwa nzima. Namba sikuitazama. Nikasaini, nikachemsha chai.

Saa tisa mchana simu ikaingia. Lori limegonga bodaboda barabara ya Mwatate. Mwakio akaendesha, mimi nyuma na begi.

Tulimkuta mwenye pikipiki kando ya lami, mtu mzima wa makamo yangu, tumwite Nyambu. Mguu ulikuwa umechanika juu ya goti. Alikuwa anaongea vizuri kabisa.

"Boss, usiniache," akaniambia. "Mguu wacha uende. Mimi niko na watoto."

"Tulia ndugu yangu," nikamwambia. "Tuko na kila kitu."

Hayo maneno yananirudia hata nikiwa napiga mswaki.

Nikakata seal. Mkono wangu ukaenda mfuko wa kushoto bila kuangalia, maana mikanda inakaa hapo siku zote. Tupu. Nikaenda wa kulia. Nikamwaga begi lote kwenye nyasi. Mwakio akanitazama, akasema neno moja tu: "Shangazi."

Tulikumbuka kwa pamoja, wote wawili tumepiga magoti, na damu inaenda.

Nikavua shati, nikalifunga juu ya jeraha, Mwakio akaleta spana ya pikipiki tukakaza nayo. Shati lilikuwa la zamani, likapasuka. Tukaanza upya na mshipi wa mtu aliyekuwa anatazama. Damu ilipopungua, Nyambu alikuwa ameacha kunijibu. Probox iliyokuwa inapita ikatubeba. Hakufika akiwa hai.

Nilimuuliza daktari kama mkanda ungemwokoa. Akasema hakuna anayeweza kujua. Kisha akauliza, "Kwani hamkuwa nao?"

Kikundi kikafanya mkutano. Mwenyekiti akasimama akasema kazi ya Mungu haina makosa. Tukaomba, tukanywa chai, tukatawanyika. Hakuna aliyefungua kitabu chenye saini yangu. Ule msemo nimeuchukia tangu siku hiyo, kwa sababu kazi iliyokuwa na makosa ilikuwa yangu, si ya Mungu.

Kesho yake nikampelekea fundi begi. Alibadilisha ile zipu kabla sijamaliza soda. Nilitamani anicheleweshe, anihangaishe kidogo, nipate hata kisingizio.

Siku hizi seal zinakaa kwangu chini ya kufuli, na kila asubuhi tunamwaga begi lote mezani, seal nzima au si nzima. Mkanda ukitumika, anayerudi na begi haendi nyumbani kabla hajaweka mwingine. Wenzangu wanalalamika ninawachosha. Wachoke.

Ningeishia hapo, lakini si hilo lililonifanya niandike.

Wiki mbili baada ya mazishi ya Nyambu, mwanamke aliingia dukani kwangu. Nilidhani anataka tyubu. Akasema ametoka Wundanyi, anaitwa Mkamburi, ni mke wa Nyambu.

"Waliniambia ulivua shati yako ukamfunga nayo," akasema. "Wengine walikuwa wanapiga picha tu. Mungu akubariki sana, kaka."

Akatoa kifurushi cha karatasi kwenye kikapu, akaniwekea juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na shati jipya.

Nikasema asante. Nikamnunulia soda, akaenda kupanda gari.

Mwakio anasema ninyamaze. Anasema nikienda Wundanyi kumwambia ukweli nitakuwa ninatua mzigo wangu na kumtwika mjane. Labda ni kweli. Labda pia ni uoga wetu umevaa nguo ya huruma.

Mlio na begi kama letu, ofisini, shuleni au kwenye gari, kalifungueni leo. Msiangalie nje tu.

Na mniambie ukweli: ungekuwa wewe, ungemwambia? Hata matusi nitayasoma.

Shati bado liko kwenye karatasi yake. Juzi nililitoa nikalipima, kisha nikalirudisha. Linanitosha kabisa, mabegani na mikononi, na sijui Mkamburi alimuuliza nani saizi yangu.