Deni la Wajina Wangu

Nyanya yangu mzaa baba alizaa watoto watatu wa kiume. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hilo halina mjadala. Wote watatu wakaoa, kila mmoja akapata msichana, na kila msichana akapewa jina la nyanya pamoja na lile lake la ubatizo, kwa sababu nyanya alikuwa mcha Mungu na hakuna aliyethubutu kumpunguzia jina. Jina la tatu tukachukua la babu, kama baba zetu. Basi tuko wanawake watatu wenye majina matatu yale yale, herufi kwa herufi. Nyumbani tunatofautishwa kwa mahali: wa Nanyuki, wa Kenol, na mimi wa Mweiga. Sisi wenyewe tunaitana wajina. Baba yangu, hadi alipofariki, aliniita mama.

Nimechoka kueleza mambo haya. Nimeyaeleza shuleni, nimeyaeleza kwa chifu, nimeyaeleza kwa daktari aliyenisomea majibu ya damu ya mtu mwingine. Lakini sikuwahi kuyaeleza nikiwa na hofu mpaka mwaka huu, nilipoambiwa nilete cheti cha CRB.

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Mweiga. Nimekuwa wa kandarasi tangu mwanangu akiwa chekechea, na sasa ananyoa ndevu. Kandarasi ikiisha unaandika barua, unangoja, unapewa nyingine, na miezi ya katikati unakula ulichoweka. Mwaka huu wakatangaza nafasi ya kudumu, yenye pensheni. Nikahojiwa, nikapita. Kilichobaki kilikuwa vyeti tu: cha polisi, cha kodi, na hicho cha CRB, ofisi ya kumbukumbu za mikopo, cha kuonyesha kwamba mtu hana deni aliloshindwa kulipa. Vyote vilitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Kwa umri wangu nilijua nafasi kama hiyo haitarudi tena.

Sikuwa na wasiwasi. Mimi na deni ni kama paka na maji. Nilikopa mara moja tu, kwa kampuni moja ya mikopo pale Nyeri, nikanunua tangi la maji, nikalipa hadi senti ya mwisho. Kwa hivyo niliomba ripoti yangu kwa simu nikiwa nimesimama jikoni, nikingoja maziwa yachemke. Ikaja. Mkopo wa kwanza, wa tangi: umelipwa. Mkopo wa pili: haujalipwa, na umepita muda wake zamani. Maziwa yakafurika kwenye jiko, nikayaangalia tu.

Huo mkopo wa pili ulikuwa wa kampuni ile ile, tawi la Kenol. Niliposoma Kenol nilijua, na nilitamani nisijue.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekutana kwa shangazi, ukoo mzima, na kabla ya chakula wajina wa Kenol akasimama kutoa ushuhuda. Alikopa, alisema, akafungua hoteli ya chai karibu na stendi. Wateja wakapotea, akashindwa kulipa. Wakampigia simu za kudai mpaka akawa anazima simu mchana kutwa. Kisha simu zikakoma, hivi hivi tu. Akafunga kula, akaomba, akaenda kuangalia jina lake CRB, akakuta yuko safi. "Mungu amefuta," alisema, machozi yakimtoka, na alikuwa tayari amesema vivyo hivyo mbele ya kanisa lake. Sote tukaitikia amina. Yangu ilikuwa ya sauti kubwa. Kumbe Mungu hakufuta kitu, alikuwa ameniletea mimi.

Nikaenda Nyeri kwenye ofisi ya ile kampuni. Foleni ilifika kwenye ngazi. Aliyenihudumia alikuwa msichana mpole, mtu wa Magharibi mwa Kenya kwa lafudhi yake, na alijitahidi.

"Mama, hii jina ni yako?"

"Ni langu."

"Na hii loni si yako?"

"Si yangu."

"Sasa ni ya nani?"

"Ya mtu mwenye jina langu."

Alinitazama nilivyozoea kutazamwa. Lakini alifungua faili, na ukweli ukaonekana: namba ya kitambulisho ilikuwa yangu, namba ya simu ilikuwa ya wajina. Karani wa Kenol aliandika majina kwenye kompyuta, faili langu la tangi likajitokeza, akaona mteja huyu anajulikana, akamwekea mkopo humo humo, akabadilisha namba ya simu tu. Hakuangalia namba ya kitambulisho. Simu za kudai ziliposhindwa, wakapeleka jina CRB na kuacha kupiga. Nikauliza, je, nikilipa mimi tu, yaishe? Akatikisa kichwa. Hata nikilipa, ripoti ingeendelea kuonyesha kwamba nilichelewa, na waajiri huangalia hapo hapo.

"Andika malalamiko," akasema. "Halafu yeye akuje na kitambulisho yake, aweke sahihi kwamba deni ni yake."

"Akikataa?"

"Akikataa, mama, inabaki neno yako na jina yako."

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Langu lilikuwa jema. Shida ni kwamba tulikuwa tunalivaa watu watatu.

Nilishuka Kenol siku iliyofuata na maneno makali nimeyapanga tayari. Nilikuwa na hasira ya kweli, si ya kuigiza. Lakini wajina aliponiona mlangoni alimwacha mteja na chenji yake mkononi, akanikumbatia, akaniletea chai ya maziwa na mandazi mawili bila kuuliza. Akaanza kunipa habari njema. Wanawake wa kanisa walikuwa wamempitishia mkopo wa jiko kubwa na friji. "Wanangoja tu cheti ya CRB," akasema, "na si unajua niko safi?"

Nikarudisha andazi kwenye sahani. Nikamwambia, kwa sababu hakukuwa na njia ya kuzunguka. Alisikiliza huku akipangusa meza ile ile mahali pale pale.

"Ati iko kwako?"

"Iko kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunga kula." Nilitaka imchome, na ilipomchoma sikufurahi.

Akakaa. "Na mimi nimeshuhudia kanisa mzima," akasema polepole. Kisha, "Nikikubali, jiko imeenda."

"Imeenda."

"Nisipokubali?"

"Kazi yangu imeenda." Nilikuwa nimepanga kumkemea, na nikishindwa nimbembeleze, lakini sikuwa na nguvu ya lolote. "Nimechoka, wajina," nikamwambia. "Nimechoka kuandika barua za kuomba kazi ambayo naifanya."

Mteja akaita chai. Akainuka, akamhudumia, akarudi na kitambulisho chake, akakilaza mezani kando ya changu. Majina matatu huku, majina matatu kule. Ungedhani ni mtu mmoja aliyepigwa picha siku ya furaha na siku ya taabu, na sijui yupi alikuwa yupi.

"Nyanya hakuwahi kudaiwa hata chumvi," akasema. "Nyanya angetuchapa sisi wote wawili. Twende nikaweke sahihi."

Akafunga hoteli saa za chakula cha mchana, saa zake za kuuza. Pale tawi la Kenol aliweka sahihi, na hata sahihi zetu zinafanana. Cheti changu kilitoka mwezi ukielekea ukingoni, nikakipeleka, na mwanamke aliyekipokea akakitia kwenye faili bila kukisoma. Barua ya kazi ilikuja. Nilidhani nitalia, nikalala.

Kisha wajina akanipigia. "Jumapili uje Kenol. Usiniulize."

Nikaenda, nikakaa mbele alikonionyesha. Wakati wa ushuhuda akasimama. Mwenyekiti wa wale wanawake wa mkopo alikuwa amekaa safu ya pili, kofia yake ya Jumapili kichwani.

"Nilisimama hapa nikawaambia Mungu amenifutia deni," wajina akasema. "Haikuwa imefutwa. Iliandikwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu karibu akose kazi. Sasa iko kwangu na nimeanza kulipa. Nimekuja kurudisha ule ushuhuda, kwa sababu haukuwa wangu."

Hakuna aliyeitikia. Mchungaji akapekua Biblia yake, hakupata alichotafuta, akaona afadhali aendelee na kukaribisha wageni. Akaninyooshea mkono.

"Mgeni wetu, simama utuambie jina lako."

Nikasimama. Nikayataja yote matatu polepole, kama nilivyozoea kuyataja kwenye ofisi za watu. Kanisa likamgeukia wajina, likanigeukia mimi, na hapo amina ya kwanza ikatoka safu ya pili.