Wimbo Haumalizwi na Mwimbaji

Watu huniuliza nilifikaje Ulaya kuimba, mimi binti wa mkata miwa wa Ramisi niliyeishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe mwalimu alinihurumia. Nilifika kwa ndege. Kabla ya hapo niliimba kwenye harusi za Msambweni, kisha hotelini Diani, ambako walitaka tuvae nyasi kiunoni. Nikakataa, maana hata bibi yangu hakuvaa nyasi. Mgeni mmoja akanirekodi kwa simu, wimbo ukatembea kuliko mimi, na siku moja nikaitwa kwenye tamasha huko Ulaya. Nyimbo ni zangu mwenyewe, nazitunga nikipalilia mihogo. Hilo nalisema wazi.

Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu mpiga kayamba. Mkalimani wetu alikuwa mama wa Kizungu aliyekaa Ukunda miaka mingi. Akatueleza kuwa mchana ule, pale uwanja wa tamasha, atakuwapo bwana anayepeleka waimbaji nchi sita. Akitupenda, tunakwenda naye. Asipotupenda, Jumatatu tunarudi nyumbani. Tumepewa robo saa. Nikaitikia, na robo saa naijua.

Lakini kwetu mwimbaji hajinyamazishi. Mwenye shughuli ndiye huja akakuwekea leso, ile kanga yenye maneno, mabegani, maana yake tumesikia, tumeshiba, ahsante. Ukikoma kabla ya leso, umemtukana mbele ya wageni wake. Mama mmoja kule Jego alichelewa kuja na leso kwa sababu wali ulikuwa unaungua, nikaimba mpaka nikaanza kuwasifu mbuzi wake.

Basi nikaimba. Robo saa ikapita, leso haikuja. Nikaongeza beti, nikawasifu wenyeji, nikaisifu na mvua yao. Watu wakasimama, wakapiga makofi kwa kufuata kayamba. Pembeni mtu wa jukwaa alikuwa akigonga saa yake ya mkononi, nami nikadhani amenogewa, anafuata mapigo. Nikamwongezea. Kisha nikamwona mkalimani amejishika kichwa, nikajua kuna jambo.

Wifi akanisogelea, kayamba bado inalia mikononi. "Wifi, maliza. Wanatukasirikia."

"Nimalizeje? Nani kaniwekea leso?"

"Utaimba mpaka tuzikwe huku?" Akaweka kayamba chini, akafungua leso ya kiunoni mwake, akanifunika mabega mbele ya umma wote ule. "Leo mwenye shughuli ni mimi. Ahsante, tumesikia."

Nikanyamaza. Nikashuka, najua safari imekwisha. Yule bwana alikuwa chini ya ngazi. Akauliza leso ile ilikuwa na maana gani, mkalimani akamweleza kwa urefu. Akasema atatuchukua, ila tufuate saa.

Wifi alinifinya nikubali upesi. Nami nilikuwa naitaka safari ile, sitaficha. Lakini nikamwambia mkalimani, "Mwambie saa siikatai. Kila mji anipe mwenyeji. Saa ikifika, mwenyeji aje na leso."

Bwana yule akanipa mkono.

Nchi zote sita niliimba hivyo. Mji mmoja alikuja meya mwenyewe, akaniwekea leso maneno yake yakitazama chini. Sikumsahihisha. Nilinyamaza vile vile ninavyonyamaza Msambweni.