Hamsini ya Mazoezi, Miwili ya Mechi

Katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, mtu wa mashine ya kukamulia mashuka aliitwa Asilimia. Jina hilo alipewa kwa heshima. Kila mchana akishakula alikwenda kwenye uwanja wa kikapu nyuma ya jengo, akasimama kwenye mstari wa mitupo huru, ile unayotupa peke yako bila mtu kukuzuia, akatupa hamsini mfululizo. Iliingia arobaini na mitano, siku mbaya arobaini na mitatu. Kocha, ambaye kazi yake hasa ni kutunza stoo ya dawa, aliandika idadi hiyo kwa umakini uleule anaoandikia chupa za dripu.

Kwenye mechi Asilimia alikuwa mtu mwingine. Akichezewa faulo anapewa mitupo miwili, na yote miwili inagonga chuma cha kikapu na kurudi. Msimu mzima aliingiza mitatu kati ya kumi na minane. Dereva wa ambulansi alisema ni woga. Mke wa Asilimia alisema ni viatu. Kocha alisema dawa ni kuongeza dozi, basi hamsini ikawa mia. Asilimia akaingiza tisini na miwili mazoezini, na Jumamosi yake akakosa yote minne.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya timu ya posta. Kocha alimwambia, bila ukali, kwamba asipobadilika jezi yake namba saba itakwenda kwa mtu wa maabara. Asilimia ana miaka arobaini na miwili. Jezi ikimtoka mtu wa umri huo hairudi.

Siku hiyo alikaa juu ya toroli lake tupu, mashuka yakirundikana, mpaka mpiga pasi wetu akamuuliza nani amefariki. Huyu ni mama mtu mzima tunayemwita Shangazi, anapiga pasi karibu na dirisha la uwanjani, na hajawahi kutazama mechi hata moja. Asilimia akamweleza yote. Shangazi hakuacha kunyoosha foronya.

“Mimi huo mchezo wenu siujui,” akasema. “Najua tu nikisikia chuma kimelia mara mbili tatu, basi ndiyo umefika. Baada ya hapo kunakuwa kimya.”

“Kila siku?”

“Kila siku, mwanangu. Na huko kwenye mechi wanakupa mingapi?”

“Miwili.”

Shangazi akageuza foronya upande wa pili. “Basi wanakunyima ile arobaini na minane iliyobaki. Wana roho mbaya kweli.”

Asilimia hakucheka. Kuanzia kesho yake aliacha kutupa mfululizo. Mashine yake hukamua kwa dakika kumi na mbili, kwa hiyo alijaza mashuka mabichi, akafunga mlango, akakimbia nje pumzi zikiwa juu na mikono imelowa, akatupa miwili tu, akarudi kazini. Mara saba kwa siku. Wiki ya kwanza iliingia mitano kwa siku kati ya kumi na minne, ya pili ikafika minane. Kocha alisikitika sana. Alisema sasa ameharibu hata kile kidogo alichokuwa anakijua, na mtu wa maabara akaitwa stoo kupima jezi.

Siku ya mechi Asilimia alikaa benchi na jezi isiyo na namba. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mtu wa maabara akatolewa kwa faulo tano, na hakukuwa na mwingine wa kuingiza. Tuko nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde tisa, Asilimia akasukumwa chini ya kikapu. Alijifuta mikono kwenye kaptula, akatupa. Ukaingia. Wa pili ulizunguka juu ya chuma kama unaotafuta mlango, kisha ukaingia.

Kocha alimkumbatia mpaka akakosa hewa.

“Umeona sasa faida ya ile mia?” akasema. “Ilikuwa mwilini muda wote, inangoja tu.”

Mtu wa maabara alikuwa tayari anaivua namba saba. Asilimia aliitazama, kisha akamtazama kocha.

“Ndiyo, kocha,” akasema.

Siku hizi timu nzima inatupa mia mfululizo kila mchana, na msimamizi ni yeye. Anasimama pembeni anawahesabia iliyoingia, huyu tisini, yule themanini na minane, na anawapongeza kwa dhati kabisa. Jezi namba saba iko nyumbani kwake, imefuliwa, na msimu unaanza mwezi wa tatu.