Tableti Haikuwa na Hapana

Mdogo wangu hajawahi kuongea. Akili iko, tena kali kuliko ya wengi wanaomwombea kanisani wakimshika kichwa, lakini mdomo haimtii. Shingo nayo inacheza yenyewe, kwa hivyo hata akikataa kitu huwezi jua kama amekataa ama ni shingo tu. Kenye kinafanya kazi ni mkono wa kushoto. Hiyo ngumi ikikupata kwa pua utajua yuko.

Mimi ndiye nilikuwa mdomo yake. Ana njaa, nasema mimi. Amechoka, nasema mimi. Mtu akimcheka kwa barabara, hapo sisemi, hapo nagonga. Niliacha shule form two nikajifunza kutengeneza simu hapo Karatina, kwa kibanda, bila mwalimu. Niliharibu simu za watu mpaka nikajua. So mtu akiniambia ati mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, namuuliza mwalimu gani.

Mwalimu wa darasa lake alikuwa mama mmoja mkubwa wa mwili, mwenye maneno. Mdogo wangu akidondokwa na mate, anasema, "Bomba imepasuka tena. Nani ataita fundi?" Darasa lote linacheka, kwa sababu mwalimu amecheka. Halafu ikaja ile siku ya mwezi wa saba. Huku kwetu mwezi wa saba jua haitoki, kuna ukungu na manyunyu tu, hata kuku hazitaki kutoka nje. Mdogo wangu akajikojolea darasani. Mwalimu akasukuma kiti yake ya magurudumu mpaka nje, chini ya bendera, ndio akauke. Hivyo ndivyo alisema: akauke. Kama blanketi. Nilimpata hapo saa ya kwenda nyumbani, midomo rangi ya kijivu, blanketi yenyewe hakuna.

Nilienda kwa mwalimu mkuu nikapiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Yeye ni mzee mpole, mtu wa kufunga sweta mpaka kifungo cha juu. Akaniambia, "Sikiza, msichana wangu. Kuna shule iko na kitengo cha watoto kama huyu, ni boarding, huko upande wa Timau. Labda ni afadhali aende." Nikamwambia haendi mahali. Mathe, mama yetu, pia alisema haendi. Mtoto atupwe huko kwa baridi na wageni, kwani hana watu? Mzee akasema basi tungoje. Kuna mradi umeleta tableti, walimu watafunzwa, na training ikiisha siku ya Ijumaa tutakaa chini tuamue kama atabaki ama ataenda.

Hiyo tableti ni kitu rahisi. Ina picha. Mtoto anabonyeza picha, sauti inasema neno. Mimi niliitwa kuweka chaji na kuunganisha waya za projekta, basi. Mwenye kufunza alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu safi. Siku ya kwanza akaonyesha walimu picha za mtoto wa ng'ambo anachagua aiskrimu, anachagua kofia ya theluji. Walimu wakalala. Theluji wanaijua, iko hapo juu ya mlima kila asubuhi, na hakuna mtu amewahi kuichagua. Jioni akawaambia kila mwalimu atengeneze tableti ya mtoto wake, amwekee maneno yenye anahitaji. Kesho yake akatuma ujumbe ati tumbo inamsumbua, harudi. Mwalimu mkuu akaniangalia mimi. "Wewe si unazijua hizi vitu? Hebu waendeleze."

Nikafungua tableti yenye mwalimu wa darasa alimtengenezea mdogo wangu. Nataka uisome vile mimi niliisoma. Asante mwalimu. Ndiyo mwalimu. Samahani. Nimemaliza. Nimefurahi. Karibuni wageni. Hapo orodha imeisha. Hivyo ndivyo vitu mtoto anahitaji maisha yake yote. Hakuna maji, hakuna inauma, hakuna choo. Hakuna hapana.

Nikaifunga hiyo tableti, nikaenda mbele ya projekta.

Nikawaambia walimu, "Leo hakuna kuongea. Kila mtu atatumia ile tableti alitengeneza jana, mpaka chai iishe. Mwenye atafungua mdomo hapati chai." Walicheka. Mwalimu mkuu akasema ni wazo nzuri sana, akakaa kando akila nduma yake.

Chai nikamimina mimi. Huyu mama, mwalimu wa mdogo wangu, hakuwa anatumia sukari, daktari alikuwa amemkataza, shule yote ilijua. Nikachukua kijiko cha sukari nikamwonyesha. Akatafuta kwa tableti. Akabonyeza, "Samahani."

"Umesamehewa, madam," nikasema, nikatia sukari.

"Nimemaliza!"

"Bado, hata hujaonja." Nikatia ingine.

Akagonga tableti na kidole. "Nimefurahi."

"Ameshukuru huyu! Si mnaona vile ni mtoto mzuri?" Nikatia ya tatu. Wenzake walikuwa wanalia kwa kicheko, na hata wao hawaruhusiwi kuongea, so walikuwa wanabonyeza tu asante, asante, asante, chumba yote.

Alisukuma kikombe. Akanywa maji, chupa nzima, kwa hasira nafikiri. Baada ya muda akasimama. Mimi nikaenda nikasimama kwa mlango.

"Samahani," tableti ikasema.

"Sema unataka nini, mami."

"Ndiyo mwalimu."

"Ndiyo nini?"

Akaangalia ile tableti kutoka juu mpaka chini, akarudi juu. Niliona akitafuta. Niliona akijua picha ya choo haiko, na nilijua anajua nani hakuiweka. Akabonyeza ya mwisho.

"Karibuni wageni."

Mwalimu mmoja alianguka kutoka kwa kiti akicheka. Huyu mama akasahau mchezo, akaongea na mdomo yake: "Toka kwa mlango, wewe kasichana."

"Umeongea. Hakuna chai."

Akanisukuma. Ana nguvu. Lakini vyoo ziko nyuma ya jikoni, na hakufika. Tulikuwa tumemfuata mpaka verandani, wote tuliona sketi ikibadilika rangi. Walicheka. Si mimi nilianza, ni wenzake, watu wamekula na yeye meza moja miaka nenda miaka rudi. Mimi nilingoja wanyamaze, halafu nikasema kwa sauti:

"Niwaletee kiti tumweke chini ya bendera akauke?"

Hakuna mtu alicheka hiyo. Usiniulize kama ninajuta. Kila mtu ananiuliza hivyo nikisimulia hii story. Nilimpata mdogo wangu midomo ya kijivu.

Nilifikiri huyo mama ameenda nyumbani. Kumbe aliingia jikoni, mpishi akampatia leso, akajifunga, akarudi akakaa pale pale mbele. Macho nyekundu, mgongo wima. Akaniita na kidole. "Picha inaongezwa aje?"

Nikamwonyesha. Hakuniangalia, aliangalia mkono wangu tu. Akaweka choo. Akaweka maji. Akaweka inauma, akaweka baridi. Mwisho akaweka hapana, akaifanya kubwa, ile saizi ngumi haiwezi kukosa. Hakusema pole. Mimi pia sikusema.

Ijumaa tukakaa ofisini. Mwalimu mkuu, huyo mama, mimi, na mdogo wangu na tableti yake imefungwa kwa trei ya kiti. Mathe alikuwa sokoni, akanituma mimi. Niliongea. Nilisema yote, kwamba mtoto ako na haki ya kukaa karibu na watu wake, kwamba mimi nitamleta kila asubuhi na kumchukua kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Nilisema amezoea hapa, anapenda hapa. Mzee alikuwa anakubali na kichwa. Nilijua nimeshinda.

Huyo mama akauliza, "Na yeye?"

"Yeye nini?"

"Si ameketi hapo. Mmuulize."

Mwalimu mkuu akainama kidogo. "Mtoto wangu, unataka kuendelea kusoma hapa na sisi?"

Ngumi ikashuka. "Hapana."

"Hajaelewa swali," nikasema.

"Haiya. Ameelewa," akasema huyo mama.

"Wewe nyamaza! Hajaelewa. Muulize vizuri."

Mzee akamuuliza, "Unataka kwenda ile shule ingine, ya kulala?"

"Ndiyo mwalimu."

Nikaruka juu. "Hiyo haihesabiwi! Hiyo ni ile mlimwekea ya kujipendekeza! Angejibu ndiyo hata mkimuuliza kama anataka kuchapwa!"

"Basi muulize wewe," akasema huyo mama. "Si wewe ndiye mdomo yake."

Nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikamshika ule mkono mbaya, wenye haufanyi kazi, nikamwambia na sauti ya nyumbani. Unataka tukae vile tumekuwa, mimi na wewe, nikuoshe, nikulete, nikuchukue? Mimi nikusemee?

Aliniangalia. Shingo ilikuwa inacheza lakini macho hayakucheza. Ngumi ikaenda polepole, akaiweka hapo, akaikandamiza, na hiyo tableti ya upuzi ukiikandamiza hainyamazi.

"Hapana. Hapana. Hapana. Hapana."

Mpaka mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliinua mkono wake kutoka hapo.

Nilimsukuma mpaka nyumbani. Kwa mlima nilikuwa nasukuma vibaya, kiti ikigonga mawe, na mara moja tu tableti ikasema, "Inauma." Nikapunguza mwendo.

Mathe aliporudi akauliza walisema nini. Ningemwambia ukweli, angemwangalia mdogo wangu na yale macho yake ya mtu ameachwa, na mtoto angeenda Timau akibeba hayo macho. Sitaki mtu amwangalie hivyo. Nikasema, "Yule mwalimu amemkataa. Ati hawezi kukaa na yeye." Mdogo wangu alikuwa hapo kando na mkono juu ya trei. Alisikia kila kitu.

Mdogo wangu akaenda Timau, na mathe anamlaani huyo mama mpaka leo. Wiki iliyopita huyo mwalimu alikuja kwa meza yetu sokoni, mathe akamwanzia mbele ya watu wote: wewe wa kufukuza watoto wa watu, wewe usiye na tumbo ya kuzaa, Mungu anakuona. Watu wakasimama kusikiza. Huyo mama akaniangalia mimi. Nikaendelea kupanga nyanya.

"Nipimie mkebe moja," akamwambia mathe.

Mathe akamchagulia zile zimepasuka. Akalipa akaenda.